Jua Likiwa Manjano

Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani pale Ngamiani, Tanga, alikuwa na namna yake ya kutufundisha nyakati za sala. Alitutoa barazani akatusimamisha karibu na mwembe, akatuonyesha jinsi kivuli kinavyorefuka baada ya Adhuhuri, kisha akatuambia kwamba mwenye kuchelewa Alasiri asingoje mpaka jua liwe manjano, kwa sababu sala iliyosukumwa hadi hapo huwa imeingia katika makuruhu, mambo yasiyopendeza katika dini. Nilikuwa na miaka tisa, na jua la manjano kwangu lilikuwa saa ya kutumwa dukani kununua mafuta ya taa. Sikujua kwamba siku moja ningelipwa kwa ajili ya jua hilo hilo, wala kwamba wapiga picha wa dunia nzima wamelibandika jina la kupendeza, saa ya dhahabu, na kwamba kwao siku nzima iliyotangulia huwa ni maandalizi tu ya kulingojea.

Mimi ni stailisti. Mbunifu hushona, mwanamitindo huvaa, mpiga picha hupiga, na mimi husimama katikati yao nikiamua nguo ipi iende na kiatu kipi, mkono ukunjwe mara ngapi, na kilemba kikae juu ya nyusi au nyuma yake. Ukiona katika jarida gauni lililomkaa binti kana kwamba limezaliwa naye, mgongoni mwake pana vibanio sita, pini kadhaa na kipande cha tepe chenye gundi pande mbili, na nje ya fremu nimepiga magoti mimi, mkononi nimeshika pasi ya mvuke na mdomoni nimebana sindano. Kazi hii nimeifanya kwa miaka 11, kwanza Dar es Salaam, kisha popote ninapoitwa, na katika miaka hiyo yote hakuna jambo lililonisumbua kuliko kugongana kwa saa yangu ya kazi na saa ile ya mwalimu wangu.

Kwetu pwani mgongano huo ni mkali kuliko kwingine, na sababu yake iko mbinguni hasa. Karibu na ikweta jua hushuka takriban wima, kama kitu kilichodondoshwa. Tangu lianze kuwa laini, likiwa limebakiza kiganja kimoja juu ya maji, hadi lizame, huna zaidi ya dakika ishirini na kitu. Niliwahi kufanya kazi London mwezi wa Juni, nikastaajabu: kule jua huteremka kwa mshazari, mwanga ule ule hukaa karibu mara mbili, Magharibi huingia saa tatu na dakika 20 za usiku, na wapiga picha wanakunywa chai bila haraka yoyote. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa kumi na mbili na dakika 45, kutegemea mwezi, na kabla ya hapo kila mtu anapiga kelele. Alasiri, ambayo iliingia tangu saa tisa na nusu na ushee, imeshapitwa na nywele zilizokataa kukaa, na gari lililokwama Selander, na mteja aliyebadili mawazo kuhusu rangi ya viatu.

Watu huniuliza ni lini nilisomea ustailisti. Mengi niliyapata nyuma ya jukwaa, hasa katika Swahili Fashion Week, onyesho ambalo mbunifu Mustafa Hassanali alilianzisha mwaka 2008 na ambalo limewafunza wengi wetu kumbadilisha mtu nguo kwa sekunde arobaini. Lakini shule ya kwanza ilikuwa chumbani kwa bibi yangu. Bibi alikuwa somo, yaani kungwi wa mabinti. Alipoletewa mwari wa kufundwa alimkalisha siku kadhaa ndani, akamsinga kwa singo ya liwa na waridi, akamfukiza udi, akamtia asumini na vikuba nyweleni, na siku yenyewe ya kutolewa hakuna mkono mwingine uliogusa nguo za bi harusi ila wake. Alikuwa na kanuni ambazo hakuwahi kuzieleza, nami nilizijua kwa kuzitazama: alisema Bismillahi kabla ya kila vazi, hakumvua mtu nguo ya zamani kabla ya kumfunika kwa mpya, na jambo lolote aliloliona kwenye mwili wa mwari, kovu au alama ya kuzaliwa, halikutoka nje ya mlango ule. "Mtu akikuvulia nguo amekupa amana," aliniambia mara moja, nilipochekea tumbo la binti mmoja. Alinifinya sikio kwanza, ndipo akasema.

Nilipoanza kazi hii nilidhani nimeiacha dunia ya bibi. Ilinichukua miaka kuona kwamba nimebadilisha chumba tu.

Kwa kuwa nimetaja nguo, niseme kidogo juu ya Kariakoo, kwa sababu ndipo kazi inapoanzia, siku mbili tatu kabla ya picha. Huwa nashuka Mtaa wa Uhuru asubuhi kabla ya joto, nikipita duka kwa duka nikitafuta kanga. Wageni wengi huona rangi, wakasahau kwamba kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, na jina ndilo linalosema. Kampuni moja kutoka nje ilinipa kazi ya picha za pete za ndoa, na mkurugenzi wao wa sanaa, kijana mpole aliyependa sana nyekundu ya doti moja, akasisitiza bi harusi ajitande hiyo. Jina lilikuwa "Mdhaniaye ndiye kumbe siye". Nilimtafsiria. Akacheka, kisha akasema si kitu, tutalikata jina kwenye fremu. Nikamwambia jina likikatwa kinachobaki ni kitambaa, na kwamba binti atakayevaa anakaa Magomeni, atarudi nyumbani na picha hiyo, na shangazi zake wote wanalijua pindo hilo hata bila kusoma. Tulibishana hadi adhana ya Adhuhuri. Mwishowe nilimtafutia nyingine ya nyekundu ile ile, ya "Wema hauozi", akaridhika, nami nikaipeleka nyumbani nikaikata, nikaipinda, nikaifua kwa maji ya chumvi ili isichuje. Kanga mpya haivaliki kwenye picha. Ina ukakamavu wa karatasi, na haiangukii mwilini mpaka ionje maji.

Kariakoo pia imeninusuru na dhambi moja ya kazi yetu. Katika miji ya ng'ambo wapo mastailisti wanaonunua nguo dukani, wakabandika tepe chini ya soli ili kiatu kisichakae, wakaficha lebo ndani ya kwapa, kisha baada ya picha wakarudisha kila kitu na kudai fedha zao. Nilifundishwa mbinu hiyo na mtu ninayemheshimu, na kwa msimu mmoja niliitumia, nikijisemea kwamba duka ni kubwa na halitaumia. Lakini kununua huku umeshanuia kurudisha, baada ya kutumia, ni kumdanganya muuzaji, hata kama kaunta wanakupokea kwa tabasamu. Nyumbani swali hilo halizuki kabisa, kwa sababu risiti zetu zimeandikwa chini kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, na muuzaji wa Kariakoo huhitaji kumsomea maandishi hayo, anayaishi. Siku hizi naazima kwa wabunifu, kwa karatasi iliyosainiwa, na nguo ikichafuka nailipa.

Safari ni sehemu ya kazi inayoonekana tamu zaidi kwa wanaoitazama kwa mbali. Ukweli wake ni masanduku mawili ya kilo 23 kila moja, yaliyopimwa mara tatu, na usiku wa kwanza hotelini nikining'iniza magauni bafuni na kufungulia maji ya moto ili mvuke uyanyooshe. Hata hivyo safari ina rehema zake. Msafiri wa masafa ya kutosha, ambayo kwetu Mashafii, tunaofuata madhehebu ya Imam Shafii, hukadiriwa kuwa zaidi ya kilomita 80, hufupisha sala za rakaa nne zikawa mbili, na huweza kukusanya Adhuhuri na Alasiri kwa wakati mmoja. Kwa stailisti hii ni zawadi: unaswali zote mbili mchana, kabla ya mpiga picha hajafungua begi lake, na saa ya dhahabu ikifika moyo umetulia. Kasoro ni Bagamoyo. Wateja wanaipenda kwa magofu ya Kaole na milango yake ya mbao, lakini kutoka Dar ni kilomita sabini na kitu tu, hivyo huenda huko na uchovu wote wa safari bila ruhusa yake hata moja.

Safari iliyonikaa zaidi ilikuwa ya Oman. Tulikuwa tunapiga picha za mavazi ya wanaume, na niliwaona wenyeji wakichovya manukato kwenye kile kishada kidogo cha kanzu zao kinachoning'inia shingoni, wanachokiita furakha, ili harufu ipande mtu anapoinamisha kichwa. Hicho ni kipambo ambacho kamera haiwezi kukinasa, na nilikipenda kwa sababu hiyo. Kutoka Muscat tulikwenda Nizwa, masafa ambayo yaliniruhusu kufupisha, na Adhuhuri nikaingia sehemu ya wanawake ya msikiti mmoja. Wenyeji wengi wa kule ni Maibadhi, Waislamu wa madhehebu mengine, wanasimama katika sala mikono imeteremka ubavuni, nami nimeikunja kifuani kama nilivyofunzwa Tanga. Tulipomaliza, bibi mmoja aliyekuwa kando yangu alinitazama buibui na kilemba, kisha akanisemesha kwa Kiswahili safi cha Unguja: "Mwanangu, umetoka bara gani wewe?" Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kana kwamba tulikuwa Malindi ya Unguja. Alizaliwa huko, akaondoka akiwa msichana. Aliniuliza nafanya kazi gani, na nilipomweleza alifikiri kidogo, akasema, "Ndiyo kusema u somo." Sikuwa nimemtajia bibi yangu.

Imani na kazi hii havikosani kwa mambo ya saa tu, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Mwezi Novemba 2020, Halima Aden, mwanamitindo Msomali aliyezaliwa mwaka 1997 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, na ambaye Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake, alitangaza kuwa anaacha maonyesho ya mitindo. Tulimfahamu wote. Mwaka 2016 aliingia mashindano ya urembo ya jimbo la Minnesota, Marekani, akiwa na hijabu na vazi la kuogelea linalositiri mwili wote. Baadaye akatokea kwenye majalada makubwa, na mwaka 2019 picha zake zilizopigwa ufukweni Watamu, pale pale pwani ya Kenya, zikazunguka dunia. Katika maelezo yake alieleza jinsi hijabu yake ilivyogeuzwa kidogo kidogo, kazi moja baada ya nyingine, hadi akajikuta amefungwa jinzi kichwani mahali pa kitambaa. Alijilaumu mwenyewe. Lakini aliilaumu pia tasnia kwa jambo moja mahususi: kukosekana kwa mastailisti wanawake wa Kiislamu.

Nilisoma maneno hayo nikiwa kwenye daladala ya Mbagala, simu mkononi na begi la nguo za watu mapajani, nikapitiliza kituo. Wenzangu walinitumia ujumbe wakisema sasa soko limefunguka kwetu. Huenda. Mimi nilichokiwaza kilikuwa siku moja Unguja, miaka miwili nyuma.

Siku hiyo tulikuwa juu ya paa la nyumba ya Mji Mkongwe, tukipiga vito vya sonara fulani. Mwanamitindo alikuwa binti wa Ng'ambo, mitaa ya pale pale mjini Unguja, kazi yake ya tatu au ya nne, na asubuhi, nilipokuwa nampima, alinivuta pembeni akaniambia kwamba atavaa chochote nitakachompa, ila masikio na shingo vibaki ndani ya mtandio. Nikamwambia hamna neno. Tulipanga mikufu ikae juu ya kitambaa, na kwa saa nyingi kazi ilikwenda vizuri. Kisha jua likawa manjano. Sijaswali Alasiri, nilijua sijaswali, na nilikuwa nimejiambia mara tatu kwamba picha ijayo ndiyo ya mwisho. Mteja akatoa hereni za dhahabu ambazo hazikuwa kwenye orodha, ndefu, za kazi nzuri kwa kweli, akasema bila hereni hizo siku nzima imepotea. Mpiga picha akasema tuna dakika kumi. Nikamwendea yule binti, nikasema "samahani kidogo, mdogo wangu," na kwa mikono hii iliyofunzwa na bibi nikausukuma mtandio nyuma, nikamtia hereni, nikaweka kibanio kisogoni ili usirudi mbele. Hakukataa. Alitazama bahari, na uso wake ukapata utulivu ambao kila mtu aliusifu. Picha ile ndiyo iliyochaguliwa.

Wakati wa kuvua, akiwa ananirudishia hereni kiganjani, alisema kwa sauti ya chini, "Dada, nilikwambia masikio." Basi. Hakulia wala hakunishitaki kwa mtu. Muadhini wa Magharibi alikuwa anaanza, Alasiri yangu imekwenda, na sikuwa na jibu la kumpa. Niliomba kwa mteja picha isitumike, nikaambiwa imeshalipiwa, na hilo ni kweli. Bado huiona mara chache, kila sonara yule anapofanya punguzo.

Kwa hiyo, Halima Aden aliposema kule Marekani kwamba wamekosekana mastailisti Waislamu, mimi nilijua kwamba kuwepo kwangu juu ya paa lile hakukumsaidia yule binti chochote. Jina langu ni la Kiislamu, nilikuwa nimejifunga mtandio wangu vizuri kabisa, na ndimi niliyemfunua. Katika Suratul Aaraf, aya ya 26, Mwenyezi Mungu anatukumbusha kwamba ametuteremshia mavazi ya kusitiri na mavazi ya pambo, na kwamba vazi la uchamungu ndilo bora. Zamani niliipenda aya hiyo kwa ajili ya neno pambo, nikiwasomea wale waliosema kazi yangu ni upuuzi. Tangu siku ile huanza kuisoma pale penye kusitiri.

Nilibadili mambo machache ya kazi, madogo ya kimatendo. Kabla ya kusoma maelekezo ya mteja, humuuliza mwanamitindo, awe Mwislamu au asiwe, ni sehemu gani ya mwili asiyotaka ionekane, na huandika jibu kwenye karatasi inayosainiwa na wote. Nabeba hema dogo la kubadilishia nguo, hata ufukweni, na wanaume hawalikaribii. Nguo mpya hufunika kwanza, ndipo ya zamani itoke. Kazi mbili zimenikimbia kwa ajili ya karatasi ile, na moja ilikuwa nono. Sijui kama ningekuwa na ujasiri huo mwaka wangu wa kwanza, nikidaiwa kodi ya miezi sita.

Halafu kuna Idi. Matangazo ya nguo za Idi lazima yawe tayari kabla mwezi haujaandama, hivyo sisi tunaipiga picha Idi katika Shaabani, mwezi unaotangulia Ramadhani, au Rajabu ikiwa mteja ni mkubwa. Kila mwaka Idi yangu ya kwanza ni ya uongo: watoto wa kukodi wamevaa kanzu na kofia mpya, pilau imepakwa mafuta ili ing'ae na hairuhusiwi kuguswa, kicheko kinarudiwa mara kumi na mbili. Na kwa kuwa mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kama 11, Idi hiyo ya uongo hutangatanga nami katika majira, mara kwenye masika, mara kwenye kiangazi. Nilidhani ingeniharibia ile ya kweli. Haijaniharibia, ila asubuhi ya Idi yenyewe, nyumbani Tanga, mama hunikuta nimevaa dera la mwaka juzi, na hatuchoki kugombana juu ya hilo.

Mpiga picha ninayefanya naye kazi zaidi siku hizi ni Mlutheri wa Moshi, mtu wa ibada ya kwanza, asiyepokea kazi Jumapili asubuhi hata kwa dola. Nadhani ndiyo maana alinielewa haraka. Katika ratiba anayowatumia wateja ameandika mstari wa Alasiri, saa kumi kamili, mapumziko ya dakika kumi na tano, kabla jua halijaanza kubadilika rangi, na mwingine wa Magharibi. Mteja mmoja alilalamika kuhusu ule wa pili, akasema tunapoteza mwanga. Mwenzangu akamwonyesha picha alizopiga baada ya adhana, jua likiwa limeshazama na anga imebaki na rangi ya zambarau juu ya bahari, hakuna kivuli usoni, hariri inang'aa yenyewe. Rakaa tatu hazimalizi mwanga huo, kama mtu hakuanza kwa kuchelewa.

Juma lililopita tulikuwa Kigamboni. Mkeka wangu ulibaki kwenye gari, na gari lilikuwa limekwenda kufuata barafu, hivyo nilichukua kanga iliyokuwa juu kwenye sanduku, nikaitandika mchangani, nikalikunja jina kwa ndani lisinishughulishe. Nilipotoa salamu nilimkuta binti amesimama pembeni, miguu mitupu, akingoja bila kusema kitu, kwa sababu kanga ile ndiyo iliyokuwa zamu yake kuvaa. Niliikung'uta mchanga, nikaikunjua jina likatokea, nikasema Bismillahi, nikamfunga.